Ndoo ya Getini

Beatha hakuwahi kununua kimea cha pakiti. Tangu alipoingia Johannesburg na mumewe Thabo, mwaka ule wapigania uhuru waliporuhusiwa kurudi kwao, pombe ya shughuli za ukoo aliipika mwenyewe katika nyumba yao ya Turffontein, ndoo moja kwa shughuli moja. Mtama mwekundu aliununua mjini, akauloweka, akaufunika kwa gunia lililoloa ndani ya sinki la kuogea mpaka ukachipua, kisha akauanika uani na kuusaga. Siku hizo wenye nyumba walioga kwenye karai, na ole wake aliyenung'unika.

Mama yake kule kwao Kibosho alikuwa mpishi wa mbege, pombe ya ndizi, na Beatha alikua akijua kwamba pombe ya shughuli hainunuliwi, kama machozi ya msiba yasivyonunuliwa. Kwa hiyo mama mkwe alipomwambia kwamba makoti, yaani mke wa mwana, ndiye anayewapikia wazee waliotangulia, alifurahi mno. Wakwe walimwita mtu wa kuja, sawa, lakini kazi hii walimpa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa, na alilima kwelikweli.

Kila shughuli ilikwenda vilevile. Alifika kwa wakwe zake Soweto na ndoo yake, akapiga magoti mbele ya watu, akaionja wa kwanza ili wote waone haina sumu. Kisha Thabo akaibeba kuipeleka chumba cha nyuma, mahali pa kuzungumza na wazee waliotangulia. Beatha aliambiwa kuwa wake za watu hawaingii humo, naye hakuuliza. Jioni, wakirudi kwao, alimsemesha mumewe kwa Kiswahili, lugha waliyotongozania kambini Morogoro na ambayo hawakuiacha.

"Vipi, wamekunywa?"

"Wamekunywa, mama Lindiwe. Wazee wamefurahi."

Jibu hilo ndilo lililomweka mji huu. Mengine yote yalimchosha: baridi ya Juni, majirani waliomuuliza atarudi kwao lini, na hata Lindiwe, mtoto wa kumzaa mwenyewe, aliyesikia Kiswahili chote na kujibu Kizulu. Lakini wafu wa ukoo wanakunywa pombe yangu, alijiambia. Walio hai watazoea tu.

Thabo alikufa kwa figo. Mwaka ulipopita, ukoo ukapanga shughuli ya kuirudisha roho yake nyumbani, na Beatha akapika kuliko alivyowahi kupika. Ilikuwa baridi, uji wa mtama ukakataa kuumuka, akaifunga ndoo kwa koti la marehemu na kulala nayo chumbani kama mgonjwa. Alitaka kitu kimoja tu: Thabo akitafuta njia ya kurudi, aifuate ladha ya mkono wa mkewe. Pombe ilipotulia akaichuja mara mbili, ikatoka nyekundu, yenye povu zito.

Soweto alipiga magoti, akaonja, na baba mdogo wa marehemu akaichukua ndoo. Safari hii Beatha naye aliitwa chumba cha nyuma, kwa sababu mjane ndiye anayemwita mumewe. Akaingia kwa mara ya kwanza.

Mkekani palikuwa na chungu cheusi kimejaa pombe. Ilikuwa nyeupe, ya kimea cha pakiti. Mpishi hapotezwi na pombe ya mwenziwe, na Beatha hakuhitaji kuonja.

"Wifi," Beatha alimnong'oneza Nomsa, dada wa Thabo, kwa Kizulu, "pombe yangu iko wapi?"

Nomsa akalirekebisha shali lake, akamwita "sisi", yaani dada, kama desturi ya kwao. "Iko getini, sisi Beatha. Watu wanakunywa, wanaisifu."

Beatha akachungulia dirishani. Ndoo yake ilikuwa chini, karibu na mapipa ya taka, na wapita njia wanapokezana kopo. Mmoja alikuwa amelikanyaga koti la Thabo.

"Na hiki chungu?"

"Nimepika mimi. Usilichukulie vibaya. Wazee hawaijui mikono yako, wangekuja vipi? Mama ndiye aliyeamua, tangu ile ya kwanza kabisa."

"Tangu ya kwanza." Beatha alilirudia neno hilo taratibu. "Thabo alijua?"

"Eish, sisi Beatha. Nani alikuwa anaihamisha ndoo?"

Hapo ndipo mtu hukosa pa kuanzia kukasirika. Mama mkwe yuko kaburini, Nomsa kasema kweli, na kikulacho ki nguoni mwako, nguo yenyewe inakanyagwa getini. Maisha mazima alikuwa akitwanga maji kwenye kinu, na aliyemshikia kinu ni yule aliyelala naye kitanda kimoja. Beatha alimchukia Thabo kwa moyo wake wote, na papo hapo alimtamani aingie mlangoni ili amchukie ana kwa ana.

"Mjane amwite mumewe," alisema baba mdogo.

Beatha akapiga magoti mbele ya chungu cha Nomsa, akasema kwa Kiswahili:

"Thabo, mimi Beatha. Wameniagiza nikuite, nakuita. Kunywa hii ya pakiti, si ndiyo yenu? Yangu iko getini, pale ulipozoea kuiweka. Ulikuwa unaniambia wazee wamefurahi. Nilikuamini, mume wangu, ndiyo maana sikurudi kwetu hata mama yangu alipokufa."

Wote wakainamisha vichwa na kupiga makofi ya heshima. Lindiwe peke yake aliinua uso.

"Mama yako amesemaje?" Nomsa alimuuliza.

Lindiwe alimtazama mama yake, akamtazama shangazi yake, kisha akajibu kwa Kizulu, kwa upole uleule wa baba yake:

"Amemkaribisha nyumbani. Amesema wazee wamefurahi."

Machozi aliyoyabana tangu dirishani yakamtoka Beatha, akalia kwa sauti bila kujizuia. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa kuridhika, akawaambia watu waliokuwa nje kwamba mjane amelia, kwa hiyo Thabo ameshafika, na nyama iletwe.