Waya Uliopita Juu ya Bati Letu

Je, mkalimani anayepunguza maneno ya mtu ni mwizi? Swali hilo liliniondolea usingizi juma zima, tangu nilipopewa kazi ya ukalimani katika mradi wa kulinda hewa, mimi niliyekaa bila kazi tangu nimalize chuo. Kila nilipoligeuza lilinirudishia harufu ileile ya utotoni: maharage yaliyozimiwa moto kabla ya kuiva.

Nilikuwa na miaka tisa, msimu wa mvua, wakati maporomoko ya mto Tshopo yanapovuma hadi ndani ya nyumba. Mitambo ya umeme ilikuwa karibu nasi, na waya mnene ulipita juu ya bati letu ukielekea Makiso, katikati ya mji. Mvua iliponyesha ulilia kama nyuki. Chini yake sisi tulisoma kwa taa ya mafuta, na Mama alipikia makala, yaani mkaa, kwenye mbabula, jiko dogo la bati. Asubuhi moja walifika wageni kutoka Ulaya na mkalimani wao, Tonton Fidèle, yaani mjomba, jirani yetu. Walisema moshi wetu unaharibu hewa ya dunia. Wakataka mbabula izimwe ili wampige Mama picha akiwa na jiko jipya, ambalo waliondoka nalo, kwa kuwa lilikuwa la maonyesho tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Sisi tulitafuna maharage magumu.

Kabla hawajaondoka, Mama alishika kiuno. “Bon. Ni miye naharibu dunia, na mbabula moja? Fidèle, waambie: ule waya iko juu ya nyumba yangu, inapita kila siku, hata bonjour hapana. Wanishushie wangu, nitazima makala leo. Na kwao, wanazima nini?”

Tonton akawageukia, akasema kwa Kifaransa kwamba Mama anashukuru sana. Kifaransa cha shule kilinitosha kuelewa.

“Tonton, hakusema vile!”

Akanifinya bega. “Nyamaza, mutoto. Wakikasirika, kesho nitakula kwenu?”

Nilimchukia miaka mingi. Kisha nikapata kazi yake, na chuki ikakosa pa kukaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi njaa ya Tonton sasa naijua. Lakini waya bado unapita, Mama bado anapikia makala, na wageni wa leo hawaleti hata jiko la kupigia picha. Wanaleta karatasi za kutia sahihi: sisi tusikate mti, ili viwanda vyao viendelee kutoa moshi kwa moyo mweupe. Wenye moshi mwingi ndio wanaotupimia wetu.

Jana nilikwenda nao mtaani. Muuza samaki mmoja aliwasikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye kitenge chake. “Waambie wazime kwao kwanza. Miye nitakuja kuwapiga picha.” Watu wakaangua kicheko. Mkuu wa wageni, akitabasamu, akaniuliza mama huyo anasema nini. Neno la Tonton lilikuwa tayari mdomoni mwangu, fupi na laini. Nililimeza. Nikatafsiri neno kwa neno, nikamweleza na kicheko kilitoka wapi.

Leo gari lao, ambalo hunichukua kila asubuhi, limepita mlangoni kwetu bila kusimama. Mama amenipakulia maharage. Yameiva.