Kitandiko cha Mama Mdogo Zena

Enzi zetu sisi watoto wa Mtendeni, Tabora, alasiri ilinukia karanga za kukaanga na pasi ya mkaa. Ukitoka chuoni kusoma Kurani ulipita nyumbani, ukachukua matobolwa mawili, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu, ukaweka kimoja shavuni na kukimbilia kucheza rede, kukwepa mpira. Kimoja tu kilitosha mchezo mzima. Watoto wa leo ukiwapa tobolwa watalipiga picha kwanza, halafu watakuuliza linapashwa moto kwa dakika ngapi.

Mimi hata rede niliicheza kwa wasiwasi. Nilizaliwa na hofu zangu. Mama alikuwa akisema, "Wewe mtoto ukiitwa tu unatetemeka. Umevunja nini?" Mara nyingi nilikuwa sijavunja kitu. Siku ninayotaka kuieleza, nilikuwa nimevunja.

Mama alikuwa fundi, cherehani yake iko barazani. Kushona alifundishwa na masista wa misheni, na huko ndiko alikojifunza vitandiko vya viraka vyenye picha. Mwaka ule mdogo wake, mama mdogo Zena, alikuwa anaolewa Ujiji. Kwetu mwanamke hapewi nguo hivihivi. Kanga ina maneno yake, na hata nguo isiyoandikwa watu wataisoma. Basi mama akaamua kumshonea picha ya nyumbani, ili akitandika kitanda huko ugenini aione Tabora yake.

Anga lilikuwa la shuka kuukuu la bluu, vilima vya vitenge, na pembeni miembe mikongwe ya njia ya misafara. Katikati palikaa nyumba ya bibi, mama yao, mlango wake wa kijani, na mama mdogo alikuwa ameshaiona ikishonwa. Njia yenyewe, ile ile iliyowapeleka wapagazi Ujiji, ingetoka juu, iizunguke nyumba, kisha ishuke hadi ukingoni. Mama aliitaka iwe ya utepe uliotoka kwenye suruali ya kaki ya marehemu babu, baba yao. Suruali ilikuwa moja tu.

Kazi ya kukata tepe akanipa mimi. Nilikuwa na miaka kumi. "Kata mshazari," alinisisitizia, "kona kwa kona. Utepe wa mshazari unavutika, unakubali kupinda. Ukifuata uzi, hautapinda hata uubembeleze." Nikaitikia. Lakini mshazari una kazi: upige mistari kwa chaki, ukate vipande vifupi vifupi, uviunge. Wenzangu walikuwa wananiita uwanjani. Nikafuata uzi, mkasi ukateleza, tepe zikatoka ndefu na nzuri kuliko za mama mwenyewe. Nikazikunja, nikaziweka kapuni, nikakimbia.

Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri wala kula vizuri. Kila nikisikia cherehani ikisimama, nilichungulia barazani. Mama alikuwa na nguo za harusi za watu wengine, kwa hiyo kitandiko alikishika mwishoni kabisa, asubuhi ya siku ya kumuaga bi harusi. Akaushona utepe hadi penye kona ya nyumba ya bibi, ukakataa. Ukajikunja makunyanzi kama soksi iliyolegea. Akafumua, akapiga pasi kwa kitambaa kibichi, akajaribu tena. Kisha akauinua kwenye mwanga, akaziona nyuzi zilivyokwenda. Akanitazama. Hakunipiga, na afadhali angenipiga.

Kaki nyingine haikuwepo. Njia ikabidi inyooke, na nyumba ilikuwa imekaa katikati yake. Mama akaanza kuifumua aisogeze pembeni, lakini alikuwa ameishona kwa mkono wa kukaza, ikachanika mikononi mwake. Akaziba pengo kwa kitambaa cha kijani, kikawa majani. Njia ikapita hapo moja kwa moja, kutoka juu mpaka chini.

Alasiri wanawake walijaa uani. Tangu asubuhi walikuwa wakimfunda bi harusi, ukitoka umetoka, ya ndani yabaki ndani. Mama akakunjua kitandiko. Mama mdogo Zena akakipapasa polepole, akafika katikati, mkono ukatulia. Akainua macho kumtazama dada yake. Kabla hajasema kitu, kungwi wake akadakia: "Mmeona wenyewe? Njia imenyooka. Nenda mwanangu, usigeuke nyuma." Vigelegele vikapigwa. Mama naye akacheka, nafikiri kwa kushukuru kwamba kosa limepata maana. Mimi nilikuwa nyuma ya mtungi, namwomba Mungu asitokee wa kuuliza. Hakutokea. Bi harusi akasema tu, "Ahsante, dada."

Tangu aende, mama mdogo alirudi Tabora mara mbili tu, kumzika bibi na kumzika mama. Tulikuwa tukisema Ujiji imemlevya, amekuwa na maringo.

Sasa binti yangu anaolewa Mwanza. Ameona vitandiko vya picha kwenye simu, ameng'ang'ana nimshonee, tena anataka kiishe kwa wiki moja, kana kwamba mimi ni mashine. Nilipotandaza kitambaa na kushika mkasi, nilizikumbuka zile tepe za kaki. Nikauweka chini, nikampigia simu mama mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

Nikamweleza yote, kaki, mshazari, rede, nyumba iliyochanika.

"Mwaka wa pili wa ndoa nilifunga mzigo," akasema. "Yule bwana alikuwa ananipiga. Nilifika mpaka stesheni, tiketi mkononi. Nikakumbuka dada yangu aliitoa nyumba yetu kwenye kitandiko asinione ninarudi. Nikageuza."

Nilitaka kusema samahani, akaniwahi. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo siku ile ningeweza kuja?"

Vijana wa leo tunawasema sana. Hawaamkii wakubwa, hawajui rede, jambo dogo wanapigiana simu mara tano kwa siku. Binti yangu ameshaniuliza bila aibu, mchumba wake akiwa amekaa hapo hapo, kama mambo yakimshinda arudi, nami nikakunja uso kwa utovu wake wa adabu. Sisi tulikuwa na adabu. Tuliisoma nguo, tukanyamaza, na swali la mama mdogo likasubiri hadi ameota mvi.

Nikamwambia mama mdogo, ndiyo, mama. Siku yoyote.