Likelemba ya Usingizi

Harufu ya mawese yakipashwa moto hunirudisha sebuleni kwetu, Bukavu, mama akimkanda miguu mdogo wangu asiyetembea. Wamama wenye watoto kama huyo walikuwa na likelemba, yaani upatu wa zamu, ila si ya pesa: walipeana zamu ya kulala. Mmoja alilala mchana kutwa, wenzake wakamlelea mtoto.

Zamu ya mama ilipofika akaanza kupatana bei, mteja wa kwanza niliyemwona akiomba apimiwe kidogo.

“Nusu saa itanitosha.”

“Maman, hapa haiko soko. Beba siku yote,” jirani mmoja wa likelemba akasema, akinyoosha mikono ampokee mtoto.

“Na akilia?”

“Atalia. Wangu ndiye fundi wa kulia, na bado niko muzima.”

Mama akacheka, akaketi kwanza. Kabla hajamtoa mtoto, mama alikuwa amelala, bado amemshika. Wenzake wakafungua vidole vyake kimoja kimoja, polepole, wasimwamshe.