Muhtasari Ulioandikwa Mapema

Muhtasari wa mkutano ule niliuandika siku moja kabla ya mkutano wenyewe. Kwa hiyo maneno ya jirani yangu, ambayo yangeweza kumtoa mahabusu, hayakuwamo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kenyamonta, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilifanywa pia katibu wa mikutano. Kiongozi kutoka wilayani alikuwa na vijiji vitatu vya kupitia kwa siku moja kabla mvua haijafunga njia. Alipenda akimaliza kuhutubia akute karatasi tayari, atie sahihi, apande Land Rover. Nikazoea. Niliandika: Maswali hayakuwepo. Wananchi wote wameafiki kuhama. Sikuona ubaya, maana hakuna aliyewahi kuuliza swali.

Wakurya wana mkutano wao wa jadi, ritongo, na huko mtu akisimama kusema huachwa mpaka amalize. Nadhani jirani yangu aliuona mkutano ule wa kiongozi kuwa vilevile. Alisimama, akavua kofia.

"Ndugu kiongozi, mimi kuhama sipingi. Nauliza tu. Kule mnakotupeleka kuna mbung'o. Sisi tutavumilia. Ng'ombe je?"

"Serikali imeshapima eneo," kiongozi akajibu.

"Imepima eneo, au imewapima mbung'o?"

Watu wakacheka. Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikazunguka uwanja mzima wa shule, hata balozi wetu wa nyumba kumi akaziba mdomo kwa kiganja. Kiongozi alingoja kiishe.

"Huyu ni nani?"

Akamkazia macho balozi, naye balozi akataja jina. Kisha kiongozi akatia sahihi karatasi yangu bila kuisoma.

Siku ya tatu, wanafunzi wakiwa gwarideni, askari wawili walipita barabarani na jirani yangu katikati yao. Wimbo ulikatika wenyewe, na sikumwamuru yeyote auendeleze. Tulisikia baadaye kosa lake: amewaambia wananchi wasihame.

Jioni mke wake alikuja kwangu.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa na kalamu. Twende ukawasomee alichosema."

Nilikuwa na nakala. Hakujua kusoma, nami sikuweza kumdanganya, nikamsomea.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo mume wangu hakufungua mdomo?"

"Alifungua, shemeji."

"Basi andika."

Nilimwambia karatasi imeshatiwa sahihi na imeshafika wilayani. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba ningeweza kwenda kueleza kwa mdomo. Nilikuwa mtumishi wa serikali, mgeni katika mkoa, na sikwenda.

Alipita nyumba kwa nyumba akitafuta mtu mmoja wa kusema, "Nilimsikia, hakupinga." Waliocheka zaidi ndio waliosema walikuwa wamekaa nyuma sana, hawakusikia kitu. Mmoja alimwambia hakuwapo kabisa, ilhali mimi nilimwona akifuta machozi ya kicheko.

Mikutano iliyofuata, muhtasari wangu wa mapema ulikuwa sahihi kila neno. Hata kisimani watu walisalimiana kwa ufupi, wakabeba ndoo zao. Mbung'o hawakutajwa tena. Kila mwenye ng'ombe alijua anakowapeleka, lakini hakujua kama mwenzake naye anajua. Tukabomoa nyumba, tukahama.

Yeye alizidi kumtafuta mumewe. Kituo cha kwanza cha polisi walimwambia amehamishiwa cha pili. Cha pili wakamwambia hawajawahi kumpokea. Akarudi cha kwanza, akakuta askari wa zamu ni wengine.

Mwaka ulipopita, wazee wa ukoo walikaa mara mbili kuamua kama matanga yafanyike au aendelee kungojwa. Mara zote mbili walitawanyika bila uamuzi.