Hospitali Iliyogoma Mlangoni

Kwa miezi mitano mwanafunzi alijenga mfano wa hospitali aliyoibuni, kwa plaiwudi na kadibodi, katika chumba chake cha kupanga. Ndio uliokuwa mradi wake wa mwisho wa shahada ya uzamili ya usanifu majengo. Bila huo, hakuna kuhitimu. Asubuhi ya kuuwasilisha, shemeji yake seremala alikuja kuubeba. Mlango ulikuwa na upana wa sentimita sabini na tano. Hospitali ilikuwa na tisini, na kuilaza ubavu haikuwezekana, maana gundi ya paa ilikuwa bado mbichi.

"Shemeji, si wewe ndiye msanifu? Huu mlango umehamia lini hapa?"

"Usinichekeshe, naingia saa nne."

"Basi chagua. Nikate ukuta wa mwenye nyumba, au nikate hospitali?"

Akaikata hospitali, katikati ya wodi ya wazazi, kwa msumeno wa meno madogo.

Mbele ya watahini mwanafunzi alivisogeza vile vipande viwili vikakaribiana. Njiani alikuwa ameshatunga maelezo marefu kuhusu mwanga na uwazi.

"Ufa huu ni wa nini?" akauliza profesa.

"Haikupita mlangoni," akajibu.

Profesa hakucheka. Alichukua rula, akapima milango ya wodi zote, mmoja mmoja, kumi na moja.

"Vitanda vinapita," akasema, kama mtu aliyetarajia vinginevyo, akatia saini.

Shemeji alikuwa akingoja ukumbini.

"Wamekufaulisha?"

"Wamenifaulisha."

"Haya, tubebe. Mlango wa huku nimeshaupima."