Mtani wa Askofu Mkuu

Ninaikumbuka siku moja katika matanga ya Bibi, mdogo wangu, na ninakuandikia habari zake leo kwa sababu umechaguliwa kwenda chuo cha theolojia. Wewe umekulia Mbeya. Babu ulimwona mara chache, akiwa na joho na msalaba kifuani. Mimi nilipomaliza chuo na kukosa kazi nilikuja kukaa naye hapa Tabora, kwa hiyo nimemzoea akiwa na kandambili.

Waombolezaji walijaa uani hadi kwenye njia ya Kipalapala. Mapadri wa Kikatoliki wa seminari walikuja, Wamoraviani walikuja, mashehe wa mjini walikuja. Kila mtu aliinama mbele ya Babu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana, Baba Askofu," kisha akarudi nyuma upesi kama aliyegusa kitu kisicho chake. Babu aliwajibu wote kwa maneno ya Biblia. Alikuwa ameshastaafu uaskofu mkuu, lakini maneno ya kufariji wengine yalikuwa bado yanamtoka bila kuyatafuta. Yeye mwenyewe hakulia. Na tangu Bibi afariki hakuwa ameonja chakula.

Sahani ilikwenda chumbani kwake na kurudi imejaa. Wachungaji wakasema Baba Askofu amefunga, anaomba. Lakini Babu ana kisukari, na dawa zake hazimezwi tumbo likiwa tupu. Niliona vidonge vyake mezani havijaguswa. Nikatunga maneno ya kumwambia ale, nikayaacha, nikayatunga upya. Niliogopa ataona simheshimu, halafu nikaogopa kwamba heshima yangu ndiyo itakayomuua. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni na mawazo hayo alipoingia Bi Tatu.

Bi Tatu ni Mzaramo wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, muuza vitumbua, na alikuwa shoga yake Bibi tangu ujana. Babu yake alifuatana na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakirudi kutoka pwani, akalowea hapa. Kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na msibani mtani hana mipaka. Alipitia nyuma ya nyumba, akaanua shati la zambarau la Babu lililokuwa kwenye kamba, akalivaa juu ya kanga zake, akaja barazani alipokaa Babu na waombolezaji, akavuta kiti mbele yake.

"Wapendwa katika Bwana," alisema kwa sauti nzito, ya Babu kabisa, "leo nina neno fupi."

Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko, maana neno fupi la Babu linajulikana nchi nzima. Mchungaji mmoja kijana akainuka ili amtoe.

"Kaa, mwanangu," Bi Tatu akamwambia. "Huyu ni mpagazi wangu. Mzigo wake namtua mwenyewe."

Kisha akamgeukia Babu. "Shija," alisema, na watu wakatazamana, kwa sababu jina hilo la Babu halitajwi; hata wadogo zake wa tumbo moja humwita Baba Askofu. "Umezika watu kila mkoa kwa maneno mazuri. Leo amekufa mkeo, huna hata neno moja la kwako? Tena unasusa chakula, wewe, uliyekuwa unawahi sufuria kuliko ibada?"

Babu alimtazama. Akacheka. Kicheko kikakatika katikati, kikageuka kilio ambacho sijapata kukisikia kwa mtu mzima. "Amekufa, Tatu," alisema. "Ameniacha."

Bi Tatu aliagiza ugali na mchuzi, akamnawisha mikono, akakaa naye, akimsimanga kwamba matonge yake ni ya mtu aliyetembea kutoka Bagamoyo. Babu akala huku analia.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika. Jioni moja tulikuwa tunabangua karanga, mimi na Babu tu katika nyumba ile kubwa, ndipo akaanza kuzungumza bila mimi kumwuliza.

"Nilipokuwa mchungaji kijana kule Igunga," alisema, "nilizunguka kwa baiskeli, na wafugaji waliniambia wazi kwamba mahubiri yangu yanawachelewesha ng'ombe kunywa maji. Nilipowekwa wakfu kuwa askofu, mahubiri yaleyale yakawa mazuri. Nilipofika juu kabisa, hata ndugu zangu walisimama nikiingia. Akabaki bibi yako. Nikirefusha, anakohoa kule benchi la mbele, nami nafunga Biblia." Akapepeta karanga kidogo. "Mjukuu wangu, cheo hakikufukuzii watu. Kinawasogeza nyuma hatua moja moja, na wewe unadhani wanakupisha."

Siku hizi Bi Tatu huja anapojaliwa, miguu inamsumbua. Jioni nyingi tupo sisi wawili. Babu akisali chumbani nasikia ananyamaza katikati ya sala, kama anayesubiri kitu, kisha anaendelea, na sala inakuwa ndefu mno. Mimi niko upande wa pili wa ukuta. Sijathubutu kukohoa.

Basi, mdogo wangu, nisikilize, ingawa nimekutangulia miaka michache tu. Watu watakapoanza kusimama ukiingia, mwombe angalau mmoja aendelee kukaa. Atakayekucheka usoni usimwekee kinyongo. Mpikie chai, umuulize ameona nini. Mtembelee mara kwa mara, usingoje msiba umlete kwako. Na ukimkuta mkubwa yeyote amekaa peke yake, usiridhike kwa kumwamkia shikamoo na kupita. Kaa naye, umuulize amekula nini, hata kama sauti inakutetemeka, kwa maana aibu yako itapita jioni hiyohiyo.

Mungu akutangulie huko chuoni. Akupe akili ya kuelewa na sauti ya kuhubiri, na kama itampendeza kukupandisha juu, katika kila ngazi asikunyime mtu wa kukupinga. Amina.