Kaya ya Mwenye Filimbi

Jina lake la kuzaliwa lilikwishapotea. Kijiji kizima kilimwita Bi Orodha. Kwa kazi alikuwa mshonaji, lakini tangu achaguliwe kuwa mhudumu wa afya, cherehani ililala na yeye hakulala. Alipewa daftari, kalamu mbili na agizo: aandikishe kila kaya, chandarua kimoja kwa watu wawili, kabla mvua hazijaanza.

Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, na kwa mdomo wote pia. Alihesabu vitanda, mikeka, hata waliolala jikoni. Mama mmoja alimtajia watoto saba, Bi Orodha akaomba kuwaona. Wakatoka watano.

"Hao wengine?"

"Wako njiani, dada."

"Njiani kutoka wapi?"

Mama akajishika tumbo, akacheka. Bi Orodha hakucheka. Akaandika watano, akanyanyua kalamu kama hakimu: "Asiye kwenye orodha hapati, hata awe mume wangu."

Maneno huumba.

Siku ya ugawaji, marobota ya vyandarua yalipangwa kwenye baraza ya shule. Bwana afya akaita majina tangu asubuhi. Kila aliyeitwa aliweka dole gumba, akakumbatia vyake, akasogea kando kulinganisha na wenzake. Bi Orodha alisimamia foleni kwa filimbi. Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa amenawa grisi mapema, akasimama kwa adabu mpaka majina yakaisha na mstari ukabaki yeye.

"Mzee, wewe ni wa kaya gani?" bwana afya akauliza.

"Ya huyo mwenye filimbi."

Daftari likapekuliwa mbele, nyuma, na mbele tena. Bi Orodha alikuwa ameingia nyumba mia mbili na kumi na mbili, ila ile aliyotoka kila asubuhi hakuiandika. Kinyozi hajinyoi.

"Kwa hiyo mimi siishi," fundi akasema taratibu. "Miaka ishirini na mitatu nakula kwako, kumbe marehemu."

Mkewe akamwinamia bwana afya. "Si vimebaki viwili?"

"Vinarudi bohari, mama. Asiye kwenye orodha..."

Hakumalizia, uwanja mzima ulimmalizia.

Wiki ya tatu ya mvua, fundi alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Kwenye zahanati, nesi alimtoboa kidole, akasoma kipimo: malaria. Kisha akauliza swali la kwenye fomu: "Mnalala ndani ya chandarua?"

Fundi, meno yakigongana, akamnyooshea mkewe kidole. "Muulize mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa amevaa fulana ya kampeni, kifuani imeandikwa: *Kwangu tumejikinga, je, kwako?* Nesi akaisoma, akainamia fomu yake haraka.

"Hapana," Bi Orodha akajibu, kwa sauti ya mtu anayeandikishwa.

Dawa zilifanya kazi. Siku ya nne mgonjwa aliomba uji. Siku ya tano akaja mama mkwe wa Bi Orodha, ajuza aliyekaa ng'ambo ya mto, na kifurushi kichwani. Humo mlikuwa na kanga zake, kikombe chake na chandarua chake alichogawiwa.

"Nimemletea mwanangu," akasema. "Na mimi nitakaa, niangalie kama mnakifunga vizuri."

Akakifunga mwenyewe juu ya kitanda cha mwanawe, akazunguka akichomeka pindo chini ya godoro huku mkwewe akimshikia taa. Sasa ajuza ndiye aliyekuwa hana chandarua, na Bi Orodha hakuweza kumtazama usoni. Kesho yake akaifuta cherehani vumbi. Alimshonea mwenye duka mapazia kwa siku tatu mfululizo, akarudi na chandarua kipya cha dukani.

Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakivuta kona.

"Kile cha bure kilikuwa kizito zaidi," akasema, na habari za kurudi kwake ng'ambo ya mto hakuzigusa.